Ukoga wa Koki na Siki ya Maganda

Asubuhi katika nyumba ya Mama Juisi ilianza kwa kisu. Majirani wakiwa bado hawajafungua madirisha, yeye alikuwa ameketi jikoni akimenya mananasi, na maganda yakidondoka ndani ya karai. Jina hilo alipewa na wateja wake, naye akaliridhia. Aliuza juisi katika kibanda kilichokuwa mbele ya nyumba, kando ya njia iendayo karakana na madukani.

Alikuwa mwanamke wa bidii. Maji yake yote aliyachemsha na kuyafunika. Tunda lililooza hakulichanganya na zima. Mtu aliyetaka kugombana naye hakuhitaji maneno mengi. Ilitosha kusema kwamba juisi yake si safi.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Ndoo kubwa ya juisi, yenye koki ya kufungulia chini, aliitengeneza yeye. Hapo kwanza ndoo ile ilivuja pale koki ilipoingia. Matone yalilowesha meza na kuita nyuki. Fundi akaikaza koki, ikavuja. Akaikaza tena, ikavuja. Mwishowe aliizungushia gundi ngumu, ndani na nje, mpaka ikawa kitu kimoja na ndoo.

"Mke wangu," alisema akijipangusa mikono, "hapo hata tujaliwe wajukuu, halidondoki tone."

Na kweli, halikudondoka.

Juma lilelile dada yake fundi alihamia nyumbani kwao. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa, na kaka yake akamwita aje kusaidia kibandani. Kazi ya kuosha vyombo ikawa yake. Aliifanya vizuri, kwa sabuni na kwa maji mengi. Mama Juisi na wifi yake walipatana. Walitaniana kutwa.

"Wifi, sugua ndoo! Wewe unaipapasa kama mtoto mchanga."

"Ungekuwa unaisugua wewe, wifi, mikono yako isingekuwa laini kama ya bibi harusi."

Wakacheka wote wawili. Lakini kicheko hicho hakikudumu.

Juisi ilianza kuharibika. Asubuhi ilikuwa tamu. Ikifika adhuhuri, ilitoa povu na harufu ya uchachu. Chini ya bilauri kulionekana ute mwembamba kama uzi. Mteja wa kwanza kusema alikuwa mshonaji wa nguo wa jirani, mzee mwenye maneno mengi.

"Mama Juisi," alisema, "juisi yako ya asubuhi ni dada yake asali. Hii ya mchana ni mjomba wake pombe."

Watu wakacheka. Mama Juisi hakucheka. Akabadilisha mananasi. Akapunguza sukari. Juisi ikaharibika vilevile.

Kisha mshonaji hakuonekana siku nzima. Aliporudi alikuwa amekonda uso, mkono u tumboni.

"Jana nilishona suruali moja tu," alisema. "Safari za chooni zilikuwa nyingi kuliko mishono. Kama si maji ya chumvi na sukari niliyopewa zahanati, leo mngekuwa mnanililia."

Wateja waliokuwa kibandani waliweka bilauri zao mezani. Mama Juisi aliona aibu, na aibu ikamfanya atafute mtu wa kumtwika lawama.

"Maji nachemsha mimi," alisema kwa sauti. "Matunda nachagua mimi. Kitu kipya katika nyumba hii ni kimoja tu. Ni mikono iliyokuja juzi."

Wifi yake alikuwa amesimama nyuma yake na bilauri zinazochuruzika maji.

"Wifi, unanisema mimi?"

"Sikumtaja mtu."

"Umetaja mikono. Hapa ni nani mwingine aliyekuja juzi na mikono?"

Mama Juisi akajitia kupangusa meza. Lakini tangu siku hiyo, kila mteja alitazama kwanza kucha za yule wifi, ndipo akapokea bilauri. Wengine walisema, "Nipe wewe, Mama Juisi." Mwanamke yule alikuwa amepoteza kazi, sasa alikuwa akipoteza jina lake. Na jina likichafuka, haliwekwi kwenye karai likafuliwa.

Jirani yao wa nyumba ya pili alikuwa mtaalamu wa maabara ya maji. Watu walimwita Darubini, kwa sababu ya chombo alichofanyia kazi, na pia kwa sababu hakuna uchafu uliompita. Asubuhi moja alisimama kibandani akiingoja gari ya kazini. Akainama, akanusa koki.

"Hii si harufu ya mikono," alisema. "Hii ni harufu ya ukoga."

"Ukoga? Ule wa kwenye meno?" aliuliza Mama Juisi.

"Ndugu yake. Tena jambo la ajabu ni kwamba hayo maganda unayoyatupa yanaweza kukusaidia."

"Maganda ya nanasi yanaua ukoga?"

"Yanaweza kusaidia kuupunguza. Wataalamu wanayachunguza, haya na ya machungwa na mengine mengi. Lakini sikiliza..."

Gari ikapiga honi.

"Nikirudi nitakueleza," alisema Darubini akiondoka. "Usifanye lolote kabla sijarudi."

Mama Juisi alikuwa amesikia nusu ya neno, na nusu ya elimu yaweza kudhuru kuliko ujinga mzima. Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Jioni ile alichukua maganda yote ya karai, yangali na nyama ya tunda, akayatia katika ndoo ya juisi pamoja na maji ya uvuguvugu, akafunika. "Acha yafanye kazi," alijisemea.

Yalifanya kazi, lakini si ile aliyoitaka. Alipofunua ndoo baada ya mapumziko, harufu ilimrudisha nyuma. Alipofungulia koki, ulitoka ute mrefu kama wa yai, ukaning'inia bila kukatika.

"Wifi!" aliita. "Njoo uone kazi yako! Ungekuwa umeisugua ndoo hii vizuri, dawa ingeshika!"

Wifi yake alikuja, akatazama ute, akatazama maganda. Aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake na kuzitia katika mfuko.

Fundi aliporudi kutoka kazini alimkuta dada yake ameketi juu ya kitanda, mfuko u miguuni.

"Kaka, kesho naondoka."

"Unakwenda wapi, dada yangu? Hata kazi hujapata."

"Nitakuwa na njaa, lakini sitaitwa mchafu."

Fundi alikwenda jikoni. "Mke wangu, zungumza naye."

"Nizungumze nini? Ni dada yako. Mfundishe wewe kuosha."

Fundi akashika kichwa. "Wahenga walisema wakipigana tembo nyasi ndizo ziumiazo. Leo nyasi hizo ni mimi."

Wakati huo Darubini alibisha hodi. Kazi ilikuwa imemweka nje ya mji tangu asubuhi ile, sasa alikuja kutimiza ahadi yake. Akaonyeshwa ndoo. Akaonyeshwa maganda. Akavuta pumzi.

"Nilikuambia usifanye lolote kabla sijarudi."

"Ulisema maganda yanasaidia!"

"Ganda la nanasi lina sukari, na vijidudu hupenda sukari kama sisi. Ulitaka kuwafukuza wageni, ukawapelekea chakula na maji ya uvuguvugu. Wangeondokaje?"

Mama Juisi akasema, "Hata hivyo, kabla ya maganda juisi ilikuwa ikiharibika. Na ndoo ilioshwa na wifi."

"Basi tusibishane kwa midomo," alisema Darubini. "Tupime. Kesho usiuze juisi. Tengeneza kidogo tu, kutoka chungu kimoja. Nusu tia katika ndoo hii, baada ya kuiosha wewe kwa mikono yako. Nusu tia katika jagi la kioo lisilo na koki, lililooshwa na wifi yako. Jioni tutaonja kwa pua, si kwa mdomo."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa wifi, ameshika mfuko wake.

"Nitangoja mpaka hiyo jioni," alisema. "Nikiondoka, nataka niondoke nikiwa safi."

Siku iliyofuata Mama Juisi aliosha ndoo kwa nguvu zake zote. Alitumia sabuni, akasuuza, akasuuza tena. Wifi yake aliosha jagi. Juisi ikagawanywa. Kibanda hakikufunguliwa. Siku ile nyumba ilikuwa kimya, na kila aliyepita jikoni alitembea kama aliye nyumbani kwa mgonjwa.

Darubini aliporudi kutoka kazini, walisimama wote wanne mezani. Jagi lilinukia nanasi. Ndoo ilinukia uchachu, na juu yake povu.

Mama Juisi alinusa jagi. Akanusa ndoo. Akarudia jagi.

"Ndoo niliiosha mimi," alisema polepole.

"Uliiosha vizuri," alisema Darubini. "Nami nakuamini. Lakini je, ndani ya koki uliosha?"

Wote wakamgeukia fundi.

"Koki ile haivuji," alisema fundi haraka. "Nendeni nyumba yoyote mtaani, hamtaiona kazi kama ile."

"Fundi, hatuulizi kinachotoka. Tunauliza kinachobaki."

Fundi hakupenda, lakini alileta msumeno mdogo. Alikata gundi yake mwenyewe, kwa uchungu, kama mtu akataye kidole chake. Koki ikatoka. Akaipasua katikati. Ndani yake palikuwa na utando wa rangi ya kijivu, mzito, unaong'aa kwa utelezi. Pale koki ilipokutana na ndoo, chini ya gundi, utando ulikuwa mnene zaidi. Fundi aliugusa, kidole kikateleza.

"Gundi yangu," alisema.

"Gundi yako iliziba njia ya maji," alisema Darubini. "Iliziba pia njia ya brashi. Huu ndio ukoga. Sasa nisikilizeni mpaka mwisho, maana mwenzenu mmoja alinisikiliza nusu."

Mama Juisi aliinamisha macho.

"Kijidudu mmoja hatumwoni kwa macho. Akiwa peke yake majini, ni dhaifu. Lakini akipata mahali penye unyevu, hujishikiza. Wenzake huja. Wote hutoa ute, na ute huo huwa kama kuta na paa. Humo hukaa, hula, huzaana. Ukimwaga maji juu yake, maji hupita juu ya paa. Hata sabuni na dawa hufika kwa shida. Kila mara juisi mpya inapopita, baadhi yao hutoka na kuingia ndani yake."

"Mbona mimi nachemsha maji?" aliuliza Mama Juisi.

"Maji yako ni safi mpaka yaingiapo katika koki. Fundi, wewe asubuhi ukisukutua maji tu bila kupiga mswaki, meno yatakuwaje?"

"Mke wangu atahama chumba," alijibu fundi.

Hata wifi alicheka, ijapokuwa hakutaka.

"Basi ndivyo ilivyo. Ukoga wa meno na wa koki hautoki kwa kusuuza. Hutoka kwa kusuguliwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni brashi. Kila chombo sharti kifunguke, ili brashi ifike. Kisichofunguka hakifai kutiliwa kinywaji."

"Na maganda?" aliuliza wifi. Alikuwa ameweka mfuko chini.

"Sasa umeuliza. Tunda hujilinda kwa ganda lake. Ganda lina ukali na uchungu ambao vijidudu wengi hawaupendi. Lakini sisi nyumbani hatuna mitambo ya kuutoa. Tunachoweza ni kuyageuza maganda yawe siki. Sukari ile iliyowalisha vijidudu wa ndoo, huliwa yote mpaka kinabaki kitu kikali. Ukali huo huudhoofisha ukoga, na huuchelewesha kurudi. Lakini haufanyi kazi ya brashi, wala haufanyi kazi ya kuchemsha maji. Wala si dawa ya mtu mgonjwa wa tumbo. Mgonjwa na aende zahanati."

Fundi akapata wazo. "Je, nikichanganya siki hiyo na dawa ya klorini, ile ya kuondolea madoa, si itakuwa kali maradufu?"

"Usithubutu!" Darubini alisema kwa ukali, hata fundi akarudi nyuma. "Siki na klorini zikikutana hutoa hewa ya sumu. Itakuchoma macho na mapafu, na katika chumba kilichofungwa yaweza kukuua. Vitu hivyo viwili visikae kamwe katika ndoo moja."

Msomaji, neno hili lisome mara ya pili, na umsomee mwenzako asiyejua kusoma.

Darubini alipoondoka, Mama Juisi alimfuata wifi yake kando ya jiko.

"Wifi yangu," alisema kwa sauti ya chini, "nimekukosea. Nisamehe."

Wifi yake aliendelea kupanga bilauri. "Ulinisema wapi?"

"Kibandani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi usiniombe radhi jikoni. Jikoni hakuna aliyenitazama kucha."

Maneno hayo yalikuwa magumu, lakini yalikuwa ya haki. Neno lililotupwa hadharani haliokotwi chumbani.

Asubuhi iliyofuata fundi alifunga koki mpya. Hakutumia gundi. Aliweka mpira pande zote mbili na nati inayofunguka kwa mkono. Ndoo ikasuguliwa kwa sabuni na brashi, ikasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa, ikainamishwa juani ikauke. Kibanda kilipofunguliwa, mshonaji alikuwa wa kwanza kufika, akiwa na wengine nyuma yake. Mama Juisi hakumpa mtu bilauri. Alisimama wima kama mwanafunzi mbele ya darasa.

"Jamani," alisema, "kabla hamjanywa, nina deni la maneno. Siku ile nilisema ni mikono ya wifi yangu. Nilisema uongo, ingawa sikujua kuwa ni uongo. Uchafu ulikuwa ndani ya koki hii." Akainua koki iliyopasuliwa, watu wakauona utando mkavu. "Tuliufungia humo wenyewe, mimi na mume wangu. Mikono ya wifi yangu ndiyo iliyookoa juisi ya jagi. Wifi, mbele ya hawa, nisamehe."

Mshonaji aliichunguza koki. "Kumbe tumbo langu liliharibiwa na fundi bomba!" alisema. "Fundi, una suruali kwangu. Nitaishona mguu mmoja."

Watu wakaangua kicheko. Wifi hakucheka. Alimtazama Mama Juisi kwa muda.

"Nimesikia," alisema. "Nitakaa mpaka siki iive. Kisha nitajua kama nakaa au naondoka."

Mfuko wake ulibaki miguuni pa kitanda, umefungwa.

Kazi ya siki wifi aliishika mwenyewe. Aliyasugua mananasi kwa maji kabla ya kumenywa. Maganda safi aliyakatakata, akayatia katika chupa kubwa za kioo zilizooshwa kwa maji ya moto. Akaongeza maji yaliyochemshwa na kupoa, na sukari kidogo. Akafunika kwa kitambaa safi, hewa iingie, nzi wasiingie. Alizikoroga kila siku. Chupa moja iliota kuvu jeusi juu, Mama Juisi akataka kuliengua.

"Mwaga yote," alisema wifi. "Darubini kasema kuvu likionekana, chupa hiyo haifai."

"Si ni kidogo tu, wifi?"

"Na ukoga ulianza kidogo tu."

Mama Juisi alimwaga. Povu lilipotulia katika chupa nyingine, walichuja maganda, wakaacha maji yake yaendelee kukaa chini ya kitambaa. Majuma yakapita. Harufu ya pombe ikaondoka, ukaja ukali unaokunja uso. Darubini akaja na kipimo kidogo cha karatasi, akakichovya, akatikisa kichwa kukubali.

"Imeiva. Lakini siki ya nyumbani hailingani chupa kwa chupa. Kwa hiyo msiitegemee peke yake. Fungueni koki. Sugueni kwa sabuni. Suuzeni. Ndipo lowekeni koki na nati katika siki usiku kucha. Asubuhi suuzeni kwa maji yaliyochemshwa, mkaushe. Kila jioni mfanye hivyo, si siku mtakapoona uchafu."

Wakafanya hivyo. Juisi ya adhuhuri ikawa tamu kama ya asubuhi. Nayo iliyobaki jioni haikuuzwa kesho yake. Wateja waliorudi waliwaleta wengine. Lakini bado walikuwapo waliosema, "Nipe wewe, Mama Juisi." Naye kila mara alijibu, "Mimi namenya tu. Anayegawa ni wifi." Asiyetaka kupokea kwa wifi, aliondoka na kiu yake.

Siku moja mwanamke muuza maziwa alikuja na kopo lake lenye bomba. Alikuwa na wasiwasi usoni.

"Mama Juisi, maziwa yangu yanakatika kabla ya saa sita. Nimesikia una dawa ya ukoga. Nifundishe."

Mama Juisi alipangusa kisu chake.

"Aliyefika darasani nusu hafundishi," alisema. "Mwalimu ni huyu hapa. Wifi, mwenzetu ana shida."

Watu wawili waliokuwa wakinywa waligeuka kumtazama wifi. Safari hii hawakutazama kucha zake. Walimtazama usoni, wakingoja aseme. Yeye alilipokea kopo, akaligeuza, akajaribu bomba kwa vidole.

"Hili halifunguki," alisema. "Tuanzie hapo. Kaka! Lete spana."

Akamweleza yule mwanamke polepole, kuanzia brashi hadi siki, hakuacha hata onyo la klorini. Fundi alilegeza bomba huku akisikiliza, kama mwanafunzi.

Muuza maziwa alipokwenda zake, wifi aliingia chumbani. Alirudi akiwa na gauni mkononi.

"Kaka," alisema, "ukimaliza hapo, nipigilie msumari ukutani. Nguo zangu zimechoka kukaa mfukoni."

Mama Juisi alikwisha kusimama kwenda kutafuta nyundo.